Maswali ya Wasomaji: Nani Alipe Umeme wa Kompyuta?

Barua za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na zote nne, bila waandishi wake kupatana, zinahusu marafiki wanaochangia gharama pamoja na vifaa vya kompyuta vilivyoingia katikati yao. Nimezifupisha na kuondoa majina, lakini hesabu nimeziacha kama zilivyoandikwa.

SWALI

Mshauri, shikamoo. Tunaishi watu wanne katika nyumba ya kupanga Sakina, Arusha, wanaume watatu na dada mmoja. Kodi ya nyumba na maji tunagawana sawa bila tatizo. Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi na za kampuni za utalii, kwa hiyo nina kompyuta ya mezani inayowaka takribani saa sita kila siku, ilhali wenzangu wana kompyuta za mpakato. Luku yetu (umeme wa kulipia kabla) hufika shilingi 90,000 kwa mwezi. Hivi karibuni mwenzetu mmoja aligeuza kompyuta yangu, akasoma nyuma yake "wati 500", akapiga hesabu na kuwaambia wengine kwamba peke yangu ninakula umeme wa shilingi 32,000. Sasa wanataka nilipe nusu ya Luku, yaani 45,000, na wao wagawane iliyobaki. Zaidi ya hapo, yule dada, ambaye ni muuguzi na zamu zake humweka kazini muda mwingi, anasema hatachangia tena intaneti kwa sababu haitumii kama sisi. Tunalipa 70,000 kwa mwezi kwa huduma isiyo na kikomo cha matumizi, yenye kasi ya megabiti 20. Nifanye nini bila kuvunja undugu? Nimeambatisha risiti ya Luku.

Mhariri wa video, Sakina

JIBU

Marahaba. Tuanze na hesabu ya mwenzako, kwa sababu kuzidisha amezidisha sawasawa. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo wati 500 kwa saa sita ni yuniti tatu kwa siku, yaani yuniti 90 kwa mwezi, na kwa kuwa risiti yenu inaonyesha kwamba yuniti moja imewagharimu shilingi 356 pamoja na kodi na tozo (bei yenyewe ni 292, kisha inaongezeka VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), jumla inakuwa 32,000 na ushei. Tatizo ni namba aliyoanza nayo. Ile 500 iliyoandikwa kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta ni kiwango cha juu kabisa ambacho kisanduku hicho kinaweza kutoa, wala si kiasi ambacho kompyuta inakivuta kila saa. Kompyuta huvuta kulingana na kazi iliyo nayo: ukiwa unaandika barua inavuta kidogo, ukiwa unatoa video iliyokamilika inapanda sana, na ikilala haizidi wati chache. Mtu akinunua kisanduku cha wati 750 leo na kukifunga kwenye kompyuta ileile, bili ya umeme haitaongezeka kwa nusu.

Kwa kazi yako, pamoja na skrini, nakadiria wastani wa wati 180 katika saa hizo sita, na nadhani sijakupendelea. Hiyo inatoa yuniti 32 na kitu kwa mwezi, sawa na shilingi 11,500 hivi. Kompyuta ya mpakato inayovuta wati 50 kwa saa tano kila siku inatumia yuniti saba na nusu kwa mwezi, ambazo ni shilingi 2,700. Kwa hiyo tofauti kati yako na mwenzako yeyote, kwa upande wa kompyuta, ni takribani shilingi 9,000. Ni pesa, na wana haki ya kuidai. Lakini iko mbali mno na kile wanachokutaka ulipe.

Hata hivyo nisingependa wachukue neno langu badala ya neno la mwenzao, maana mita yenu inaweza kusema yenyewe. Tazameni mita yenyewe, si kile kidude cha kuingizia namba kilichomo ndani ya nyumba. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake imeandikwa idadi ya mipepeso kwa kila yuniti moja. Kwenye mita nyingi ni 1000, lakini someni ya kwenu. Ikiwa ni 1000, mpepeso mmoja ni sehemu moja ya elfu ya yuniti. Zimeni kila kitu, friji ikiwemo kwa muda huo mfupi, mbakize kompyuta yako ikiwa katika kazi yake ya kawaida, kisha mhesabu mipepeso kwa dakika kumi mkiwa wote mmesimama hapo. Kompyuta ya wati 180 itapepesa mara 30 katika dakika kumi. Ingekuwa kweli inavuta wati 500, mngehesabu zaidi ya 80. Rudieni kipimo hicho wakati unatoa video, ili mtu asije akasema ulichagua saa iliyokufaa.

Mkishamaliza, mmoja wenu afungue hita ya bafuni na mwangalie taa ileile. Hukuitaja hita katika barua yako, lakini kwa baridi ya Arusha ya Juni na Julai sidhani kwamba watu wanne wa Sakina wanaoga maji ya bomba. Hita zinazochemsha maji papo hapo huvuta wati elfu nne hadi elfu tano na zaidi, na taa ya mita hapo itapepesa zaidi ya mara moja kila sekunde. Chukua wati 5,000, kila mmoja akioga dakika nane: ni dakika 32 kwa siku kwa watu wanne, karibu yuniti 80 kwa mwezi, shilingi 28,500. Yaani pesa ambayo mwenzako ameitafuta nyuma ya kompyuta yako inapita bafuni, na inapitishwa na wote. Dakika kumi na tano za hita hiyo ni sawa na saa 25 za kompyuta ya mpakato. Siwaambii muoge maji ya baridi. Nawaambia kwamba mkipunguza dakika tatu kila mmoja mtaokoa takribani shilingi 10,000 kwa mwezi, ambazo ni zaidi ya hiyo tofauti mnayogombania.

Mgao wenyewe ningeupanga hivi. Katika zile 90,000, tengeni kwanza 9,000 za kazi yako, uzilipe peke yako. Zinabaki 81,000, ambazo zikigawanywa kwa wanne ni 20,250 kila mmoja. Wewe unalipa 29,250 na wenzako 20,250. Kipimo cha mita kikitoa namba nyingine tofauti na makadirio yangu, fuateni mita. Sishauri mwende mbali zaidi ya hapo, mkaanza kupima pasi ya huyu na jagi la umeme la yule, kwa sababu nyumba ya namna hiyo huishia kila mtu kumvizia mwenzake jikoni. Pimeni kitu kimoja kikubwa ambacho kina mwenye nacho anayejulikana, na kinachobaki kigawanywe sawa. Na kabla ya kugawana, angalieni risiti ya manunuzi ya kwanza ya mwezi: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia Luku, na hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba. Ombeni awapunguzie katika kodi ya pango. Wengi hukubali wakiombwa kwa adabu na risiti ikiwa mkononi.

Kuhusu intaneti, hapa hoja ni nyingine kabisa. Umeme unaongezeka gharama kadiri unavyotumika, lakini huduma mliyonunua haina kikomo cha matumizi, kwa hiyo uangalie video moja au mia, bili ni 70,000. Muuguzi wenu akikaa kazini siku nzima hakuna shilingi anayookoa, na wewe ukipakua usiku kucha huongezi shilingi. Kwa hiyo hoja yake kwamba hatumii sana haina uzito ikiwa anapotumia ananufaika na mtandao uleule. Achangie, au ajitoe kabisa na neno la siri la ruta libadilishwe. Kuwa nusu ndani na nusu nje ndiko kunakoleta manung'uniko.

Lakini nadhani ana lalamiko lingine ambalo hajalisema vizuri, na hilo ni la kasi. Megabiti 20 si megabaiti 20. Baiti moja ina biti nane, kwa hiyo mnachopata ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, na hizo ni za nyumba nzima. Ukipakua faili la gigabaiti tatu, kazi hiyo peke yake inaweza kuushika mtandao wote kwa dakika 20, na ukipakia video ya mteja hali huwa mbaya zaidi kwa sababu huduma nyingi hutoa kasi ndogo ya kupakia kuliko ya kupakua. Dada huyo akirudi kutoka zamuni saa mbili usiku akitaka kuongea na mama yake kwa video, anakuta picha imeganda. Analipa sawa na wewe na hapati sawa na wewe. Panga mafaili makubwa yapakiwe usiku wa manane. Programu nyingi za kupakia zinaruhusu kuweka saa au kikomo cha kasi. Unganisha kompyuta yako kwa waya badala ya waifai, ili usiwabane wenzako hewani. Na kama ruta yenu inatoa mawimbi ya aina mbili, wale walio chumba kimoja na ruta watumie ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi lakini haipiti vizuri ukutani, na walio vyumba vya mbali wabaki kwenye ya 2.4.

Jambo la mwisho, na hili ni maoni yangu, si hesabu. Kati ya wanne, wewe ndiye unayeingiza kipato kwa mtandao huo. Ningegawa zile 70,000 katika mafungu matano ya 14,000, wewe uchukue mawili na wenzako moja moja. Hakuna mita itakayokulazimisha, lakini 28,000 kwa mtandao wa ofisi bado ni nafuu kuliko ungefunga wako peke yako, na ukilitoa wazo hilo mwenyewe kabla hujaombwa, mazungumzo ya Luku nayo yatakuwa mepesi.

SWALI

Mshauri, habari za kazi. Tuko walimu saba wa Moshi tuliosoma chuo pamoja, na kila mwezi tunachanga kwa ajili ya kukutana, kuwatembelea wagonjwa na mara moja moja kusafiri. Mimi ndiye kijumbe, yaani mkusanyaji na mtunza fedha wa kundi. Mahesabu nayaweka kwenye jedwali la kompyuta. Mwezi uliopita gharama ilikuwa 100,000. Nikagawanya kwa saba, jedwali likaandika 14,286 kwa kila mmoja, na chini jumla ikaandika 100,000. Mwenzetu mmoja akazidisha 14,286 kwa saba kwenye simu yake, akapata 100,002, akasema mbele ya wote kwamba kompyuta haikosei, anayekosea ni mtunza fedha. Ni shilingi mbili tu, lakini nimeumia. Pia mara nyingi fedha ninazopokea kwa simu hazitoshi kulipa kile tulichokusudia, na pengo hilo nalijaza mimi.

Kijumbe, Moshi

JIBU

Pole, dada yangu. Wewe hukukosea, na kompyuta nayo haikukosea. Ilikuonyesha kitu kimoja huku imehifadhi kingine. Laki moja kugawanya kwa saba ni 14,285.714 na kuendelea bila mwisho. Seli yako, yaani kile kisanduku cha jedwali, imepangwa kuonyesha namba kamili, kwa hiyo inakuandikia 14,286, lakini ndani yake imeshika namba ile ndefu, hadi tarakimu 15 katika programu kama Excel. Jumla ya chini inajumlisha zilizoshikwa, si zinazoonekana, na kwa hiyo inarudi 100,000 kamili. Tangu programu ya jedwali ya VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston ilipoingia sokoni mwaka 1979 kwa kompyuta za Apple II, majedwali yamekuwa na tabia ya kutenganisha thamani na sura yake, nayo ni tabia nzuri kwa mhasibu, ila kwa mtu anayekusanya pesa mkononi ni mtego.

Dawa yake ni kuiambia seli ikate namba yenyewe, si sura yake tu. Kwa kuwa hakuna anayeweza kukulipa shilingi 286 taslimu, peleka mchango juu hadi mia inayofuata. Kama gharama iko kwenye seli B2, andika =ROUNDUP(B2/7,-2) na utapata 14,300. Katika baadhi ya kompyuta, kutegemea mipangilio ya nchi, alama ya mkato inabadilika kuwa nukta mkato. Ukiona programu inakataa, jaribu hiyo. Sasa mara saba ni 100,100, yeyote akizidisha kwa simu yake anapata namba ileile, na ile mia moja inayozidi unaiandikia mstari wake wa akiba ili ionekane ilikokwenda. Mwaka ukiisha hiyo akiba inaweza kununua soda, na mtaijua imetoka wapi.

Pengo la fedha za simu ni jambo zito zaidi, kwa sababu hapo ndipo mtunza fedha mwaminifu anapofilisika kimyakimya. Mtu anayetuma 14,300 anakatwa ada ya kutuma upande wake, na anaona amemaliza wajibu. Wewe ukienda kwa wakala kutoa, unakatwa tena ada ya kutolea, na hiyo haipo katika mgao wa mtu yeyote. Kuna njia mbili, na ya kwanza naipenda zaidi: usitoe. Gharama nyingi, Luku, maji, ukumbi wenye namba ya malipo, hata duka la vinywaji, zinaweza kulipwa moja kwa moja kutoka kwenye simu, na kila malipo yanaacha ujumbe wenye namba ya muamala ambayo unainakili kwenye jedwali. Pale ambapo fedha taslimu haiepukiki, weka ada ya kutolea ndani ya gharama kabla ya kugawanya kwa saba. Hiyo ni gharama ya kundi kama ilivyo nauli.

Umegusia safari. Katika safari watu wengi hulipa vitu tofauti na baadaye kila mmoja anamdai kila mwenzake, na pesa zinazunguka huku kila muamala ukikatwa ada. Chukueni mfano wa watu wanne waliokwenda Materuni: mmoja amelipa gari 120,000, wa pili chakula 60,000, wa tatu viingilio 20,000, wa nne hajalipa kitu. Jumla ni 200,000, fungu la kila mtu ni 50,000. Toa fungu katika kile alicholipa kila mmoja: wa kwanza anadai 70,000, wa pili anadai 10,000, wa tatu anadaiwa 30,000 na wa nne 50,000. Wa nne anampa wa kwanza 50,000 zake zote. Wa tatu anampa wa kwanza 20,000 na wa pili 10,000. Miamala mitatu, basi. Kwa kundi la watu wowote, idadi ya miamala haihitaji kuzidi idadi ya watu ukitoa mmoja, kwa hiyo ninyi saba hamtahitaji zaidi ya sita hata safari iwe na risiti ngapi. Jedwali lenye safu tatu tu, alicholipa, fungu lake na tofauti, linatosha kwa kazi hiyo, na jumla ya safu ya tofauti lazima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, kuna risiti iliyosahaulika.

Mwisho, huyo aliyekusema mbele za watu mpe nafasi ya kuona. Weka jedwali kwenye huduma ya mtandaoni, wenzako wote sita wapewe ruhusa ya kutazama bila kubadilisha. Katika Google Sheets kuna historia ya matoleo inayoonyesha nani alibadilisha na saa ngapi; mwenye ruhusa ya kutazama tu haioni, kwa hiyo akiuliza mfungulie wewe. Mji wenu una Chuo Kikuu cha Ushirika, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu 1933, kwa hiyo Moshi si mahali ambapo mtu anapaswa kuona aibu kudai daftari lifunguliwe.

SWALI

Shikamoo Mshauri. Mwaka 2022 mimi na rafiki yangu tulinunua kompyuta ya mpakato kwa 900,000 na printa kwa 400,000, nusu kwa nusu, tukafungua kijiduka cha kuchapa na kutoa nakala maeneo ya Soweto, Moshi. Sasa anahamia Dodoma na anataka nimrudishie 650,000, yaani nusu ya tulichotoa. Kompyuta inatumia Windows 10 na imekataa kupanda kwenda Windows 11. Nimpe?

Mwenye duka, Moshi

JIBU

Marahaba. Hapana, usimpe kiasi hicho, na sidhani kama yeye mwenyewe angekubali kuvinunua vifaa hivyo leo kwa bei ya 2022. Miaka hiyo yote vifaa vimewafanyia kazi wote wawili, na sehemu ya thamani yake mmekwishaila kwa njia ya faida. Kinachogawanywa ni bei ya leo.

Bei ya kompyuta yenu imeguswa na jambo lingine. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikabakiza mpango wa muda kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai kipengele cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji kipya kiasi. Kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha nane. Yenu inaelekea iko nyuma ya hapo. Haijafa: unaweza kuiwekea Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) na LibreOffice (programu za kuandikia), zote bure, na barua na wasifu wa wateja vitaendelea kuchapwa, ingawa hakikisha kwanza kwamba printa yako inatambuliwa. Lakini mnunuzi wa kompyuta iliyotumika atalitaja jambo hilo mapema na kushusha bei, na rafiki yako anapaswa kujua hivyo.

Badala ya kubishana juu ya bei, tumieni njia hii. Wewe utaje bei ya vifaa vyote viwili pamoja, na yeye achague. Ukitaja 500,000, anaweza kupokea 250,000 zake na kukuachia vifaa, au akakulipa wewe 250,000 na kuvichukua. Ukitaja bei ndogo mno ili umpunje, atakulipa yeye na kuondoka navyo, na wewe utabaki na kibao cha duka. Njia hiyo humlazimisha anayetaja bei kuwa mkweli bila mtu wa tatu kuhitajika. Karatasi, wino ulio ndani ya tangi na madeni ya wateja yahesabiwe kando, kwa daftari.

Kuna kitu ambacho hukukiuliza. Diski ya kompyuta hiyo imejaa nakala za vitambulisho vya taifa (NIDA), vyeti na wasifu za watu. Hizo si mali yenu ya kugawana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawagusa hata ninyi wa kijiduka. Asiondoke na nakala kwenye flashi. Kama kompyuta inabaki kwako, futa ya wateja ambao kazi zao zimekwisha; kama anaichukua yeye, irudishe Windows upya kwa kuchagua kuondoa kila kitu na kusafisha diski, kwa sababu kufuta kwa kawaida huondoa jina la faili tu na yaliyomo yanaweza kurejeshwa. Kisha kila mmoja atoke kwenye akaunti zake za barua pepe, na mabadiliko ya maneno ya siri yafanyike siku hiyohiyo.

SWALI

Tuko wanafunzi wanne Njiro, Arusha. Tulifungua akaunti moja ya Google tuwe tunahifadhi kazi na picha zetu pamoja. Imejaa. Tukinunua nafasi zaidi tugawane vipi?

Wanafunzi, Njiro

JIBU

Vijana wangu, achaneni kwanza na akaunti moja ya watu wanne. Gigabaiti 15 za bure ni za akaunti moja, na zinaliwa kwa pamoja na barua pepe, mafaili na picha. Kila mmoja akiwa na yake, tayari mna 60 bila kulipa. Zaidi ya hapo, neno moja la siri mikononi mwa watu wanne maana yake ni kwamba yeyote anaweza kufuta mtihani wa mwenzake kwa bahati mbaya, na hakuna atakayejua ni nani.

Zikiwa bado hazitoshi, mmoja anunue nafasi ya kulipia na kuwaalika wengine katika kundi la familia, ambalo linapokea watu watano zaidi ya mwenye kundi, mradi wote mko nchi moja. Kila mmoja anabaki na akaunti yake na mafaili yake hayaonekani kwa wengine. Gawaneni malipo sawa, maana hii ni bei isiyobadilika kama ile ya intaneti ya ndugu yenu wa Sakina, lakini mumlipe mwenye kundi kwa mwaka mzima mapema, si mwezi kwa mwezi. Sababu ni kwamba malipo yakikatika, aliyezidi nafasi yake ya bure hawezi kupakia kitu wala kutuma au kupokea barua pepe hadi apunguze, na akikaa hivyo miaka miwili vilivyomo vinaweza kufutwa. Tena mtu haruhusiwi kuhama kundi moja kwenda lingine zaidi ya mara moja katika miezi 12, kwa hiyo anayejua atahitimu Julai aseme sasa.